Kujifunza kinanda ukubwani: Mstari wa kadi ya kliniki ulivyonisaidia

Mzazi anayempeleka mtoto kliniki kila mwezi anajua jambo ambalo sisi tunaojifunza vitu ukubwani hulisahau: mizani haimuulizi mtu mtoto wa jirani ana kilo ngapi. Muuguzi anasoma uzito wa mtoto wako, anaweka nukta kwenye kadi, halafu anaiunganisha na nukta ya mwezi uliopita. Kinachomfurahisha au kumtia wasiwasi ni mwelekeo wa mstari. Mtoto mdogo wa umbo ambaye mstari wake unapanda anaruhusiwa kwenda nyumbani. Mtoto mnene ambaye mstari wake umelala, mama yake anaitwa pembeni na kuulizwa maswali.

Mimi ni mwandishi wa habari za afya hapa Njombe, nina miaka 28, na nimekaa kwenye mabenchi mengi ya kliniki, mengine kwa kazi na mengine kwa sababu ya binti yangu wa miaka miwili. Mkoa wetu unalima viazi, mahindi, maharage, chai na maparachichi, lakini utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa takriban nusu ya watoto wa Njombe walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Ndiyo maana ule mstari nimeuandikia habari mara nyingi. Mwaka huu nimeutumia kwa kazi nyingine kabisa: kujifunza kinanda.

Sababu ni Baba.

Baba ni mwalimu mstaafu, anaishi Makambako na Mama. Kwa zaidi ya miaka 30 alikuwa mpiga kinanda kanisani. Oktoba mwaka jana alipata kiharusi. Mama aliona usiku ule mdomo wake umekwenda upande, mkono wa kushoto umelegea, maneno hayatoki sawasawa. Hakusubiri kupambazuke, aligonga kwa jirani mwenye gari wakaenda hospitali. Dalili hizo tatu, uso, mkono na usemi, naomba kila anayesoma ukurasa huu azikariri, kwa sababu kwenye kiharusi kila saa ina maana.

Usemi ulirudi. Mguu ulirudi kiasi cha kutembea kwa fimbo. Mkono wa kushoto ulibaki mzito, vidole vimekunjana. Kinanda sebuleni kikafunikwa kitambaa cha kufuma, na kanisani kwaya ikawa inaimba kavukavu, mwalimu wa kwaya akitoa sauti kwa mdomo.

Januari nilimwambia, "Baba, nifundishe."

Akaniangalia kwanza. "Mwanangu, hiki si habari ya kuandika usiku mmoja ikatoka kesho. Una muda?"

Nikasema nina dakika 20 kwa siku, mtoto akishalala.

"Dakika 20 za kila siku zinatosha," akasema. "Saa tatu za Jumamosi hazitoshi."

Azimio la kazi

Kutoka Njombe mjini hadi Makambako ni kama kilomita 60. Nikipanda Kosta asubuhi, nafika mapema, napita njia panda ambapo barabara ya Songea inakutana na barabara kuu ya Dar es Salaam na Tunduma, na upepo wa Makambako unanipokea kabla ya wazazi. Naenda kila baada ya wiki mbili. Siku nyingine najifunza nyumbani Njombe kwa kibodi ya mtumba yenye vitufe 61. Piano kamili ina 88, lakini kwa nyimbo za kanisani hivyo 61 vinanitosha. Uzuri mwingine wa kibodi ni kwamba unachomeka spika za masikioni, na nyumba nzima inalala.

Muziki wenyewe sikuanza na mikono mitupu. Kama watoto wengi waliokulia kwenye kwaya za huku, najua kusoma solfa, ile do, re, mi inayoandikwa kwa herufi. Mfumo huo ulianzia kwa mwalimu wa kike wa Kiingereza, Sarah Glover, ukaendelezwa na John Curwen katika karne ya 19, kisha wamisionari wakaueneza Afrika. Umekaa kwetu kwa sababu hauhitaji chombo, unahitaji koo tu. Ila koo linajua sauti moja kwa wakati mmoja, na kinanda kinataka mikono miwili ifanye mambo mawili tofauti. Hapo ndipo kazi ilipo.

Baba hakunipa wimbo. Alimwambia Mama alete daftari la kaunta, akaniamuru niandike juu ya ukurasa: Azimio la kazi. Walimu mnalijua hilo. Miaka yake yote darasani aliandaa azimio la kazi la mwaka na andalio la somo la kila kipindi, na kwenye andalio kulikuwa na sentensi ambayo mkaguzi aliitafuta kwanza: "Ifikapo mwisho wa kipindi, mwanafunzi aweze..."

"Aweze nini?" Baba huuliza. "Neno linalofuata liwe kitu ninachoweza kukiona au kukisikia. 'Aelewe' sikioni. 'Apende' sikisikii. 'Apige' nakisikia."

Lengo langu la kwanza likawa hivi: Ifikapo Januari 31, mwanafunzi aweze kupiga skeli ya Do kwa mkono wa kulia, kupanda na kushuka, kwa mwendo wa mapigo 60 kwa dakika, mara tatu mfululizo bila kusimama.

Mapigo 60 kwa dakika ni pigo moja kila sekunde. Kuna programu za bure za kwenye simu zinazogonga mapigo hayo. Mtu asiyewahi kujaribu atasema ni polepole mno. Ajaribu kupitisha kidole gumba chini ya kidole cha kati bila mkono kuruka, ndipo atajua sekunde moja ilivyo fupi.

Safu tano

Daftari letu lina safu tano: tarehe, dakika nilizokaa, nilichopiga, mwendo, na mahali nilipokwama. Safu ya mwisho ndiyo yenye thamani kuliko zote. "Nimekwama" haitoshi, lazima niandike kipimo cha ngapi na kidole gani.

Jumapili ya mwisho ya mwezi najirekodi kwa simu, mara moja tu, bila kurudia. Hiyo ndiyo siku yangu ya mizani.

Februari lengo lilikuwa skeli ileile kwa mkono wa kushoto, ambapo kidole cha kati ndicho kinachovuka juu ya gumba. Machi, vipimo vinne vya kwanza vya wimbo mmoja, kulia sauti ya kwanza, kushoto besi peke yake, kila mkono kwa zamu. Aprili ilikuwa iwe mikono miwili pamoja.

Kufikia mwisho wa Machi nilikuwa nahisi narudi nyuma. Kila usiku nilisikia kasoro nyingi kuliko usiku uliotangulia. Nilipofika Makambako, Baba akasema nifungue rekodi ya Januari, kisha ya Machi. Tukasikiliza na Mama akiwa jikoni. Ya Januari ilikuwa kama mtu anayepanda ngazi gizani. Ya Machi ilikuwa muziki, mdogo, lakini muziki.

"Sikio hukua haraka kuliko kidole," Baba akasema. "Unasikia makosa ambayo Januari ulikuwa huyasikii. Usiulize moyo kama umeendelea. Uliza daftari."

Nadhani hili linawahusu wengi wanaojifunza jambo wakiwa watu wazima, iwe kushona, kuogelea au kompyuta. Mtoto hajui anavyosikika, kwa hiyo anaendelea. Mtu mzima anajua, anaona aibu, anaacha. Kumbukumbu iliyoandikwa ni shahidi ambaye haoni aibu.

Mstari ulipolala

Aprili binti yangu aliugua nimonia. Tulilazwa siku tano, na wiki mbili zilizofuata zilikuwa za dawa, uji na kuhesabu pumzi zake usiku. Safu ya dakika ilijaa sifuri. Mwisho wa mwezi lengo halikufikiwa, na rekodi ya Aprili haipo.

Ningekuwa na lengo la aina ile ya "ifikapo Desemba nijue kinanda", nadhani hapo ndipo ningefunika kibodi. Kilichonizuia ni kumbukumbu ya wauguzi. Mstari wa mtoto ukilala, muuguzi mzuri hauchani na hamgombezi mama. Anauliza: aliugua? Chakula kilipungua? Mama umeanza kazi mbali? Anaandika jibu, anatoa ushauri, anasema njoo mwezi ujao. Mstari uliolala ni swali. Ukilala tena mwezi wa pili, swali linakuwa kubwa na hatua inachukuliwa. Lakini hakuna anayemfuta mtoto kwenye kadi kwa sababu ya mwezi mmoja.

Nikaandika pembeni mwa Aprili: "Nimonia. Mtoto amepona." Mei nikahamishia lengo la Aprili, bila kuliongeza deni. Baba alikuwa mkali kwenye hilo. Kufidia sifuri za mwezi mzima kwa kukaa saa mbili kila usiku ni njia ya kuumiza mkono na kuchukia kinanda.

Julai mstari ulilala tena kidogo, safari hii bila ugonjwa. Mwendo ulishuka kutoka mapigo 72 hadi 60. Nilipopitia safu tano na Baba, jibu likajitokeza lenyewe: siku zote mbaya zilikuwa za alfajiri, saa kumi na moja na nusu, nilipohamishia mazoezi kwa sababu ya zamu za kazi. Anayeijua Njombe ya Juni na Julai hahitaji maelezo. Ukungu unakaa hadi saa tatu, na maji ya bomba yanachoma kama moto. Vidole vilikuwa vimeganda tu. Nikarudisha mazoezi jioni, nikawa nashika kikombe cha chai ya moto dakika tano kabla ya kuanza. Mwendo ukarudi ndani ya wiki mbili. (Na kwa kuwa baridi imetajwa: jiko la mkaa lisiingizwe kwenye chumba kilichofungwa ili kupasha joto. Hewa yake haina harufu ya kukuonya, na inaua watu wakiwa usingizini.)

Safu ya Baba

Kwenye daftari hilohilo, kurasa za nyuma, kuna safu za Baba.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimpa kazi ya kuhamisha maharage kumi kutoka bakuli moja hadi jingine kwa mkono wa kushoto, kila siku, na kuhesabu muda. Januari hakuweza hata moja. Machi alihamisha manne. Mei alimaliza yote kumi kwa dakika sita. Mama alikuwa akishika saa, na siku ile walinipigia simu nikiwa kazini nikadhani kuna msiba.

Wataalamu wanaeleza kuwa ubongo uliojeruhiwa unaweza kujifunza upya kwa kurudia tendo lenyewe mara nyingi, si kwa kuusubiri mkono upone wenyewe. Mwaka 2007 watafiti wa Ujerumani walichapisha kazi yao kuhusu wagonjwa wa kiharusi waliofanyishwa mazoezi kwa kinanda na ngoma za umeme pamoja na tiba yao ya kawaida, na wagonjwa hao wakaonyesha maendeleo ya mikono kuliko wale waliopata tiba ya kawaida peke yake. Nilimweleza Baba habari hiyo mwezi Mei. Akafunua kinanda. Akaweka mkono wa kushoto juu ya vitufe, ukalala pale kama glavu.

Juni maharage yalichukua dakika sita. Julai dakika sita. Agosti dakika sita na sekunde kumi.

Nimeandika habari nyingi za afya zenye mwisho mzuri, na wahariri wanazipenda. Ukweli ni kwamba baada ya kiharusi maendeleo makubwa huja zaidi miezi ya mwanzo, kisha mara nyingi yanapungua kasi, na hakuna daktari mwaminifu atakayekuahidi vidole vyote vitano. Baba anajua. Alifundisha hesabu, anaweza kuusoma mstari bila kutafsiriwa.

Mwishoni mwa Julai nilimpendekezea jambo nililoliona la busara: yeye apige sauti ya kwanza kwa mkono wake wa kulia, mimi nikae kushotoni kwake nipige besi. Kwa pamoja tungekuwa mpiga kinanda mmoja, na kwaya ingepata muziki mara moja.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Hapana. Nikikubali hilo, huu wa kushoto utaambiwa na nani kuwa bado una kazi?"

Sikubishana naye. Mama alinifuata nje nilipokuwa naanua nguo. "Mwache baba yako," akasema. "Anajua anachokitafuta. Wewe endelea na chako."

Usiku ule, nikiwa njiani kurudi Njombe, nilifikiria sana juu ya kupima. Mpango wangu ulikuwa unapima wimbo: umepigwa au haujapigwa. Mpango wake unapima mkono. Yote mawili ni malengo halali, lakini si lengo moja, na mtu hawezi kumwekea mwenzake lengo kwa sababu tu yeye amechoka kusubiri. Tunawafanyia hivyo wazazi wetu wagonjwa, na tunawafanyia hivyo watoto wetu pia, tukitaka matokeo ambayo sisi tutayaona.

Kwa mzazi anayetaka kuanza

Agosti 20 nilipiga wimbo mmoja kwenye mazoezi ya kwaya, beti mbili, mikono miwili, kwa mapigo 66. Haikuwa ibada ya Jumapili, ilikuwa Jumatano jioni na watu kumi na wanne. Kwenye kipimo cha tisa, palepale daftari lilipotabiri, kidole cha nne kilichelewa. Waimbaji wakanisubiri nusu pigo, wakaendelea. Baba alikuwa benchi la nyuma, fimbo katikati ya magoti. Hakusema kitu hadi tulipofika nyumbani. "Kipimo cha tisa," akasema. "Kiandike Septemba."

Kama nawe unafikiria kuanza kujifunza jambo, chombo cha muziki au lolote, yaliyonifaa ni haya. Weka lengo la mwezi mmoja, si la mwaka, na uliandike kwa kitenzi kinachosikika au kuonekana. Andika kazi uliyofanya na matokeo uliyopata katika safu tofauti, maana dakika zako unazitawala wewe, lakini mwendo wa vidole hautawaliwi kwa amri. Jirekodi mara moja kwa mwezi na usisikilize kila siku. Mwezi ukilala, andika sababu, sogeza lengo, usijilipishe deni. Na usilinganishe nukta yako na ya kijana wa miaka 12 anayepiga kwa mikono yote miwili kwenye kanisa la jirani. Yupo, nimemsikia, ni hodari kweli.

Jambo la mwisho ni la watoto. Binti yangu sasa anapanda kwenye stuli ninapomaliza, anabonyeza vitufe viwili, halafu ananiomba kalamu ili "aandike". Anachora mistari kwenye ukurasa wa mama. Sijui kama atapenda muziki. Ila ameshaona mtu mzima akikosea jambo lilelile kila jioni na kurudi kesho yake, na hakuna aliyempigia kelele. Sidhani kama kuna njia nyingine ya kumfundisha mtoto hilo zaidi ya kumwachia alione.

Wikiendi iliyopita tulikaa kuandika malengo ya Septemba. Langu ni kipimo cha tisa hadi cha kumi na mbili, mapigo 72, mara tatu mfululizo. La mtoto, kwa mujibu wa kliniki, ni yai moja kila siku na kurudi tarehe 18.

La Baba aliliandika mwenyewe, kwa mkono wa kulia, kwa mwandiko wake uleule wa ubaoni. Ameacha kuhesabu maharage kwa sasa. Limesomeka hivi: "Ifikapo Septemba 30, mwanafunzi aweze kubonyeza Do ya chini kwa kidole gumba cha kushoto na kuishikilia mapigo manne."

Jana Mama alinipigia. Amefika mapigo mawili.